Uzi: Kukompaili GDAL na PROJ mwenyewe, kwa kompyuta ya kawaida, bando la kuhesabu na umeme unaokatika

Mchora Ramani:

Wakuu, heshima kwenu.

Nafungua uzi huu kwa sababu swali la namna ya kukompaili programu, yaani kuitengeneza mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo wake, hurudi kila mara, na majibu yake karibu yote huwa ni amri tatu zilizonakiliwa kutoka kwenye mwongozo wa mtu mwenye intaneti isiyokatika, umeme usiozimika na RAM ya kumwaga. Mimi nafanya kazi za ramani hapa Dodoma, kwa hiyo mfano wangu utakuwa GDAL, ile maktaba inayosoma na kuandika karibu kila aina ya faili la ramani na ambayo QGIS, programu ya kutengenezea ramani, yenyewe huitegemea. Anayekompaili kitu kingine atakutana na matatizo yaleyale yakiwa yamebadilisha majina tu.

Kompaila yenyewe haisumbui sana. Ukiipa inachotaka, itafanya kazi yake nawe ukaendelea na shughuli nyingine. Kinachomtesa mtu ni vitu ambavyo programu yake inaviegemea. GDAL haisimami bila PROJ, ambayo ndiyo hufanya mahesabu ya kuhamisha koordineti kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. PROJ nayo, tangu toleo la 6 la mwaka 2019, huweka maelezo ya mifumo hiyo katika hifadhidata iitwayo proj.db, na ili hifadhidata hiyo itengenezwe wakati wa kukompaili ni lazima uwe na maktaba ya SQLite pamoja na programu ya sqlite3 yenyewe, kwani kimoja bila kingine hakitoshi. Ukitaka kusoma faili za Parquet, kama zile za majengo zinazotolewa na Overture Maps, utahitaji maktaba ya kuzisoma iitwayo Apache Arrow, na Arrow peke yake ni mradi mkubwa kuliko kazi uliyokusudia kuifanya mwanzoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba kazi ianzie kwenye kupakua, na upakuaji wote uishe kabla hujaandika amri yoyote ya kukompaili. Kwenye Linux za Debian na Ubuntu kuna amri ya «apt build-dep gdal», ambayo huleta kwa mkupuo mmoja maktaba zote ambazo wasimamizi wa kifurushi hicho huzitumia wanapokitengeneza. Wengi huijaribu, ikawajibu kwamba hawajaweka «deb-src» kwenye orodha ya vyanzo, wakadhani haifanyi kazi. Inafanya kazi vizuri sana, ila mistari ya deb-src huwa imezimwa, na ukiiwasha kisha ukaendesha «apt update», mambo yanakwenda. Msimbo wenyewe nao, kama mtandao wako ni wa kukatikakatika, usiuchukue kwa «git clone», kwa kuwa ikikatika katikati haiendelei ilipoishia bali huanza upya, na bando nalo linakwenda nayo. Chukua faili lililofungwa la toleo rasmi kwa «wget -c», ambayo ikikatika unairudia na inaendelea palepale, kisha ulilinganishe na alama ya uhakiki inayochapishwa pembeni yake.

Arrow inahitaji tahadhari ya peke yake. Isipoiona maktaba fulani kwenye kompyuta, kwa kawaida huenda kuipakua mtandaoni yenyewe katikati ya ujenzi bila kukuuliza, na bando likiisha hapo, hitilafu unayoiona inazungumzia kitu ambacho hukuwahi kukisikia. Ndani ya folda ya cpp/thirdparty kuna skripti iitwayo download_dependencies.sh ambayo hupakua vyote mapema na kukupa njia za kuvionyesha wakati wa ujenzi. Sijui kwa nini miongozo mingi haiitaji.

Mwanafunzi wa Ng'ong'ona:

Mkuu, asante kwa uzi. Nina maswali mawili. Kwanza, mwongozo nilio nao unasema niandike «./configure», halafu «make», halafu «sudo make install», lakini kwenye folda ya GDAL niliyopakua faili la configure halipo kabisa. Pili, nilipojaribu kukompaili programu nyingine ndogo inayotumia PROJ, iliniambia proj.h haipo, ilhali PROJ ninayo na QGIS inafungua vizuri. Inawezekanaje kitu kiwepo na kisiwepo?

Mchora Ramani:

Mdogo wangu, maswali yote mawili ni ya msingi.

Faili la configure halipo kwa sababu liliondolewa. Utaratibu wa amri hizo tatu ulienea kupitia Autoconf, aliyoianzisha David MacKenzie mwaka 1991, wakati Unix zilikuwa nyingi na kila moja ina tabia zake, hivyo ikabidi programu iikague kompyuta kwanza kabla ya kukompailiwa. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa njia ya karibu kila mradi, na ndiyo sababu mtandao umejaa miongozo ya namna hiyo. GDAL ilianza kukubali CMake, programu nyingine ya kuandaa ujenzi, katika toleo la 3.5 mwaka 2022, na mwaka huohuo, katika toleo la 3.6, njia ya zamani ikafutwa. PROJ iliifuta katika toleo la 9.0. Kabla hujafuata mwongozo wowote, fungua folda uliyopakua uangalie kilichomo: ukiona CMakeLists.txt unatumia CMake, ukiona meson.build unatumia Meson, ukiona configure unaendelea na amri zako tatu. Faili la INSTALL au README lililomo humohumo ndilo linaloijua programu uliyoishika mkononi, na mwongozo wa mtandaoni, huu wangu ukiwemo, unaweza kuwa umepitwa na wakati.

Kuhusu proj.h, Debian na ndugu zake hugawanya maktaba moja katika vifurushi viwili. Kimoja kina maktaba yenyewe, ambayo QGIS huihitaji ili iendeshe kazi. Kingine kina faili za vichwa, zile zinazoishia na .h, ambazo huhitajiwa na kompaila peke yake, na jina lake huishia na -dev. Kwa Fedora na Red Hat huishia na -devel. Mtumiaji wa kawaida hazihitaji, kwa hiyo hapewi. Sakinisha libproj-dev na kosa hilo litaondoka. Na kosa la aina hii likitokea tena kwa maktaba nyingine, usiende moja kwa moja kuuliza mitandaoni, bali tafuta jina la faili hilo kwa «apt-file search», ambayo itakutajia kifurushi kinacholibeba.

Kuna jambo jingine dogo linalowapotezea wanafunzi muda mwingi. Kompaila ikikwama hutapika mistari mingi sana, na jicho hukimbilia mstari wa mwisho, ambao mara nyingi husema tu kwamba make imeshindwa. Mstari huo hauna habari. Panda juu hadi kwenye neno «error» la kwanza, kwa sababu yanayofuata mara nyingi ni watoto wa hilo la kwanza. Na ukikompaili kwa prosesa nyingi kwa pamoja, ujumbe wa kazi mbalimbali huchanganyika, kwa hiyo ikikwama irudie kwa «make -j1», nayo itasimama palepale penye tatizo na kukuonyesha peke yake.

Mzee wa Terminali:

Nimesoma kwa furaha. Niongeze machache kuhusu umeme, maana hapa kwetu huwezi kuzungumzia ujenzi wa saa nyingi bila kuugusa.

Make iliandikwa na Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, na akili yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: hutazama saa ya kila faili, na kama msimbo ni mpya kuliko kilichotokana nao, hukompaili upya, vinginevyo huruka. Kwa hiyo umeme ukikatika huhitaji kuanza mwanzo. Washa kompyuta, rudia amri ileile, nayo itaendelea na yaliyobaki. Hata hivyo kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni faili lililokuwa likiandikwa umeme ulipokatika. Ukiisimamisha make kwa Ctrl-C, hulifuta faili lililokuwa njiani. Umeme ukizimika ghafla haipati nafasi hiyo, na kwenye diski hubaki faili la .o, yaani kipande kilichotoka kwenye kompaila, ambalo ni tupu au nusu, lenye saa mpya. Make ikiliona hujiridhisha kwamba hilo limekwisha, ikaendelea, na baadaye sana, kwenye hatua ya kuunganisha, unaambiwa faili halitambuliki. Kabla ya kuendelea baada ya umeme kukatika, endesha «find . -name '*.o' -size 0 -delete» ndani ya folda ya ujenzi, na ikibidi ufute pia yale yaliyoandikwa dakika ya mwisho.

Wa pili ni betri ndogo ya ubao mama. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua zikiwa zimetumika zina betri iliyokwisha, kwa hiyo umeme ukikatika saa yake hurudi nyuma miaka mingi. Kama intaneti ipo, saa hujirekebisha. Kama haipo, unaendelea kufanya kazi huku faili za asubuhi zikionekana zimetoka siku zijazo, na make hukuonya kwamba imeona saa zinapishana na ujenzi unaweza kuwa haujakamilika. Watu hulipuuza onyo hilo kwa kuwa limeandikwa kama onyo tu. Ukibadilisha msimbo katika hali hiyo, mabadiliko yako yataonekana ya zamani kuliko kilichojengwa, na make haitayagusa. Utahangaika ukijiuliza kwa nini marekebisho yako hayafanyi kazi, kumbe hayajawahi kukompailiwa. Betri hiyo ni ya bei ndogo na hupatikana hata kwenye maduka ya saa.

Na kwa vijana wanaoandika Makefile kwa mkono: mistari ya amri lazima ianze na Tab, si nafasi za kawaida, ingawa kwa macho havitofautiani. Feldman mwenyewe alikwisha kueleza kwamba alipogundua kuwa jambo hilo linakera, tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili na hakutaka kuwaharibia kazi. Watumiaji hao kumi na wawili wanatutesa mpaka leo.

Kibaigwa Data:

Samahani wakuu, mimi naona mnajitafutia shida. Mtu akitaka GDAL yenye Parquet, anaweka conda, programu ya kusakinishia vifurushi vilivyo tayari, anachukua kifurushi cha libgdal-arrow-parquet kutoka conda-forge, anaendelea na kazi. Wapo watu waliokwisha kukompaili kwa niaba yetu. Kwa nini nipoteze usiku mzima kwa kitu ambacho kipo tayari?

Mchora Ramani:

Ndugu yangu wa Kibaigwa, hapo sina ubishi nawe, na ningependa kila anayesoma uzi huu alisome jibu lako kabla ya kuyafuata ya kwangu. Kama huwezi kueleza kwa sentensi moja kwa nini unakompaili mwenyewe, chukua kifurushi kilichokwisha kutengenezwa. Kutaka toleo jipya kwa sababu tu ni jipya si sababu.

Sababu zenyewe zipo, ila ni chache. Inaweza kuwa kasoro imerekebishwa kwenye msimbo lakini haijaingia kwenye toleo rasmi, na wewe unaihitaji sasa. Inaweza kuwa unahitaji kusoma faili za ECW, zile za picha za anga, ambazo hutegemea maktaba yenye leseni ambayo wasimamizi wa Debian hawawezi kuisambaza. Au umebadilisha msimbo wewe mwenyewe, na hapo hakuna mwingine wa kukukompailia. Mwanafunzi anayetaka kuelewa programu hushikamana vipi naye ana haki ya kuhangaika, kwa sharti kwamba hafanyi hivyo kwenye kompyuta ambayo kesho inatakiwa kutoa ramani ya mtu.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu ya «sudo make install». Amri hiyo humwaga faili zako katika /usr/local, na Debian na Ubuntu hutazama humo kwanza zinapotafuta maktaba. PROJ uliyoijenga ikiwa na jina lilelile la ndani kama ile ya mfumo, na matoleo ya 9 yote hutumia libproj.so.25, basi QGIS yako iliyokuwa nzima itaanza kutumia PROJ yako bila kukwambia. Hapo ndipo unapokutana na ujumbe mashuhuri kwamba proj.db ina namba ya toleo ndogo kuliko inayotarajiwa na imetoka kwenye usakinishaji mwingine wa PROJ. Maktaba ni mpya, hifadhidata ni ya zamani, na hazielewani. Dawa yake ni kutotumia sudo kabisa. Unapoendesha CMake, mpe «-DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/programu/gdal», na kwa «-DCMAKE_PREFIX_PATH» mwonyeshe ilipo PROJ yako mwenyewe. Weka pia «-DCMAKE_INSTALL_RPATH» ili programu ijue maktaba zake zilipo bila kutegemea LD_LIBRARY_PATH, kigezo ambacho ukishakizoea utakisahau kimewashwa na kitavuruga programu nyingine. Kila kitu kikiwa ndani ya folda moja, kukiondoa ni kufuta folda hiyo. Ukiwa na shaka programu inachukua maktaba gani hasa, «ldd» itakuonyesha njia kamili ya kila moja.

Na CMake ina kumbukumbu ndefu. Majibu ya uchunguzi wake huyaandika katika CMakeCache.txt, hivyo ukihamisha maktaba ukairudia amri, inaweza kuendelea kuamini njia ya zamani. Mimi huifuta folda yote ya ujenzi na kuanza upya badala ya kubishana nayo.

Mwanafunzi wa Ng'ong'ona:

Nimefuata hadi hapo, na CMake imepita. Lakini ujenzi unafika sehemu unasimama, na mstari unasema «Killed signal terminated program cc1plus». Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4. Kuna kosa kwenye msimbo?

Mzee wa Terminali:

Msimbo hauna kosa, kijana wangu. RAM imekwisha na Linux imeamua kuua mchakato mmoja ili mfumo usigande. Cc1plus ndiyo kompaila yenyewe ya C++, na lugha hiyo kwa tabia yake hula kumbukumbu nyingi kwa faili moja. Ukiandika «make -j8» unaita kompaila nane kwa wakati mmoja. Tumia -j2, au hata -j1 kwa mafaili mazito, na utengeneze faili la swap, yaani nafasi ya kuisaidia RAM, la GB kadhaa kwenye diski. Litakuwa polepole, lakini litafika. Funga na kivinjari, maana nacho hakina adabu kwenye RAM. GDAL pia inakuruhusu kuacha aina za faili usizozihitaji kwa kuweka GDAL_BUILD_OPTIONAL_DRIVERS na OGR_BUILD_OPTIONAL_DRIVERS kuwa OFF, kisha unawasha moja moja zile unazozitaka. Hiyo hupunguza kazi kwa kiasi kikubwa kuliko ujanja mwingine wowote.

Kibaigwa Data:

Naomba kuuliza la usalama. Kuna wanaosema kukompaili mwenyewe ni salama zaidi kwa sababu unauona msimbo. Ni kweli?

Mzee wa Terminali:

Ungeuliza hivyo kabla ya Machi 2024, wengi wangekujibu ndiyo bila kufikiri. Tarehe 29 ya mwezi huo Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, yalikuwa na mlango wa siri, naye aliugundua baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachukua takribani nusu sekunde zaidi ya kawaida. Mlango huo haukuwa wazi kwenye msimbo ambao mtu angeusoma. Sehemu yake ilifichwa kwenye faili za majaribio zilizoonekana kama data iliyoharibika, na mstari wa kuuamsha uliwekwa kwenye faili la m4 la maandalizi ya configure, ambalo lilikuwamo kwenye faili lililofungwa la toleo lakini halikuwamo kwenye hazina ya Git. Kwa maneno mengine, sumu iliwekwa kwenye hatua hii hasa tunayoizungumzia, hatua ambayo mtu huandika ./configure na kwenda kunywa chai.

Tena ilichagua watu wa kuwadhuru: ilikagua kwanza kama kinachotengenezwa ni kifurushi cha deb au rpm kwenye Linux ya x86-64. Wewe uliyejikompailia nyumbani huenda ungeponea hapo, lakini kwa bahati, si kwa kuuona msimbo. Nani kati yetu amewahi kusoma configure nzima?

Mchora Ramani:

Na alama ya uhakiki niliyoitaja mwanzoni isingemsaidia mtu hapo, kwa kuwa inathibitisha tu kwamba faili limefika kama lilivyotumwa, na hizo za xz zilitumwa zikiwa tayari zimechafuliwa.

Kibaigwa Data:

Haya, nimekubali kujaribu, kwa sababu nina picha za ECW za mashamba ya huku. Ujenzi umeisha, «gdalinfo --formats» inaonyesha ECW imo. Kuna kingine cha kufanya kabla ya kuanza kazi?

Mchora Ramani:

Kipo, nacho ni muhimu kwa kazi ya ardhi kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu programu kufunguka si uthibitisho kwamba mahesabu yake ni sahihi. Ramani zetu nyingi za zamani ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, simu na GPS zinatumia WGS 84, na kati ya mifumo hiyo miwili kiwanja kilekile husogea takribani mita 300. Kila mfumo una namba yake ya EPSG: 21037 ni Arc 1960 kwa kanda ya 37, na 4326 ni WGS 84. Endesha «projinfo -s EPSG:21037 -t EPSG:4326 --summary» uone kama PROJ yako inaleta njia za kubadilisha pamoja na usahihi wa kila moja. Zipo kadhaa kwa Arc 1960, na inayofaa Kenya si lazima ikufae wewe. Kisha chukua alama ya upimaji ambayo koordineti zake unazijua kwa mifumo yote miwili, ipitishe kwenye gdaltransform ya kwako na kwenye ile ya mfumo, ulinganishe majibu.

Na uangalie kanda, yaani kipande cha dunia ambacho koordineti za ramani yako zimehesabiwa kwacho. Mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita ndani ya mkoa wetu: Dodoma mjini iko magharibi yake, kwa hiyo sisi tunatumia EPSG:21036, ila Kongwa na Mpwapwa ziko upande wa pili. Mashamba ya Kibaigwa ni 21037, na usikubali faili lolote lililotoka mjini kabla hujaona limeandikwa kanda ipi.